Ukikaripiwa na Mkubwa Wako, Nawe Huoni Kosa

Somo kwa wakatekumeni



Wazee wetu husema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni ya kweli, nanyi mmeisikia tangu utoto wenu. Lakini mara nyingi, mafundisho yakiisha na wenzake wakiondoka, mmoja wenu hubaki nyuma na kuniuliza: “Mwalimu, mkubwa akinikaripia, nami moyoni naona kwamba sikukosa, nifanye nini? Nikinyamaza, watu watasema nimekubali kosa. Nikijibu, watasema nina kiburi.” Anayeuliza hivyo pengine ni kibarua aliyesemwa na kapita wake shambani. Pengine ni bibi arusi aliyesemwa na mama mkwe wake. Pengine ni mkatekumeni aliyeambiwa kwamba hatabatizwa Pasaka ijayo.

Swali hili si dogo. Kwa jibu moja la hasira wengine wamepoteza kazi, wengine wameacha mafundisho, na wengine wamekaa miaka mingi na uchungu moyoni. Basi leo tujifunze namna ya kujibu inayomfaa mtu anayejitayarisha kuwa mtoto wa Mungu.

1. Anna na kuhani Eli

Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli tunasoma habari za mwanamke jina lake Anna. Hakuwa na mtoto, na Penina, mke mwenzake, alikuwa akimchokoza kila mwaka walipokwenda Shilo kumwabudu Mungu. Mwaka mmoja Anna alisimama mahali patakatifu, akalia sana, akamwomba Mungu ampe mtoto mwanamume, akaweka nadhiri ya kumtoa kwa Bwana siku zote za maisha yake. Alisali kimoyomoyo: midomo yake ilitikisika, lakini sauti haikusikika.

Kuhani Eli alikuwa ameketi karibu na mlango, akimtazama. Alipoona midomo inatikisika bila sauti, alidhani mwanamke huyu amelewa, akamkemea aache ulevi wake.

Fikirini aibu ile. Mwanamke amekuja kulia mbele ya Mungu, na mtu wa Mungu anamwita mlevi! Angeweza kuondoka na kusema hatarudi tena. Angeweza pia kumtukana mzee huyo kwa ajili ya watoto wake, maana watoto wa Eli walikuwa waovu, na uovu wao ulijulikana kwa watu. Hakufanya hivyo. Alimjibu kwa heshima, akimwita bwana wake. Alisema wazi kwamba hakunywa divai wala kileo chochote. Kisha akaeleza jambo lilivyo: alikuwa na huzuni kubwa, naye alikuwa akimimina roho yake mbele ya Mungu. Akamwomba asimhesabu kuwa mwanamke asiyefaa.

Katika jibu lake mna mambo matatu: heshima, ukweli na maelezo. Heshima bila ukweli ni woga. Ukweli bila heshima ni jiwe la kumpiga mtu. Na bila maelezo, mkubwa atajuaje kwamba amekosea? Eli aliona midomo tu. Moyo wa Anna hakuuona.

Eli naye alisikia. Alimwambia aende kwa amani, akamtakia kwamba Mungu ampe alichoomba. Na mtoto Samweli alipozaliwa na kuachishwa ziwa, Anna alimpeleka kwa nani? Kwa Eli yuleyule, amlee katika nyumba ya Mungu. Hakuweka kinyongo.

2. Siku ile mimi nilikuwa Eli

Nawasimulia sasa jambo lililonipata mimi mwenyewe, ingawa si jambo la kunipa sifa.

Mwaka mmoja, majuma machache kabla ya Kwaresima, nilikuwa natayarisha orodha ya wakatekumeni nitakaowapeleka mbele ya Padri, waandikwe kwa ajili ya Ubatizo wa Pasaka. Kati yao alikuwako mama mmoja ambaye kila siku ya Alhamisi alifika tumekwisha kuanza. Aliketi nyuma kabisa, na nilipouliza maswali hakuinua mkono hata mara moja. Siku hiyo alifika somo likiwa karibu kwisha. Hasira ikanishika. Nikamwambia mbele ya wote: “Mama, wewe unadharau mambo ya Mungu. Jina lako naliondoa katika orodha.” Vijana wengine wakacheka. Yeye hakusema neno. Aliinamisha kichwa, akakaa mpaka sala ya mwisho, akaenda zake.

Kesho yake jioni, nilipokuwa nafuta ubao darasani, nilisikia mtu anabisha hodi. Alikuwa yeye, pamoja na mama yule aliyechaguliwa kumsimamia siku ya Ubatizo.

“Jambo, mwalimu.”

“Jambo, mama. Karibuni, kaeni.”

“Mwalimu, neno lako la jana nimelala nalo usiku kucha. Sikuja kugombana nawe. Nimekuja kukujibu, kama ukiniruhusu.”

Nikamruhusu. Akasema: “Ulisema nachelewa. Ni kweli. Nimechelewa mara nyingi, wala sikukuambia sababu, hapo nimekosa. Ulisema tena kwamba nadharau mambo ya Mungu. Hilo si kweli, mwalimu. Nikilikubali kwa kukuogopa, nitakuwa nimesema uwongo.”

Ndipo akanieleza. Mama mkwe wake alikuwa amepofuka. Jirani aliyemsaidia kumwangalia alikwenda sokoni kila Alhamisi, na mpaka arudi, mama huyu hakuwa na mtu wa kumwachia mzee. Tena hakuinua mkono kwa sababu hakujua kusoma, naye aliona haya kujibu mbele ya vijana wa shule. “Uniulize hapa sasa,” akasema, “mbele ya msimamizi wangu.”

Nikamwuliza juu ya Utatu Mtakatifu, juu ya amri za Mungu, juu ya sakramenti. Alijibu yote. Nilipomwuliza neema ni nini, alinijibu kwa maneno ya katekismu, kisha akaongeza kwa maneno yake mwenyewe kwamba neema ni kama ule mkono wake ambao mzee wake huushika wakienda mtoni: haoni njia, lakini haanguki. Mimi niliyefundisha somo hilo miaka mingi sikuwahi kupata mfano mzuri kama huo.

Aliposimama kuondoka alisema: “Ukiona bado haifai, mwalimu, nitangoja Pasaka nyingine. Lakini mafundisho sitayaacha.”

Nilirudisha jina lake katika orodha. Siku ya somo lililofuata niliwaambia wakatekumeni wote kwamba nilikosea, kwa maana nilimkaripia mbele ya wote, haikufaa nisahihishe kwa siri. Juu ya kuchelewa kwake, tulikubaliana aje Jumamosi pamoja na kundi lingine. Alibatizwa Pasaka ile.

Lakini mwaka huohuo kijana mmoja naye niliambiwa na wenzake kwamba hakusali nyumbani, nikamwahirisha bila kumsikiliza sana. Yeye aliinuka palepale, akaniita mpendeleo, akatoka. Jioni ile alinisema kwenye pombe, na kesho yake mtoni. Baada ya miezi nilipata habari kwamba sehemu ya maneno yake ilikuwa ya kweli: waliomsema kwangu walikuwa na ugomvi naye juu ya shamba. Nilimwendea nyumbani kwake, lakini nilichelewa, na moyo wake ulikuwa umekwisha kufungwa. Hata leo hajarudi, nami namwombea kila siku. Kosa langu lilikuwa kubwa, sikatai. Lakini fahamuni: alikuwa na neno la kweli la kuniambia, na neno hilo nililisikia kutoka kwa kila mtu isipokuwa kwake yeye.

3. Pepeta maneno uliyoambiwa

Mama yule alifanyaje? Alifanya kama mnavyofanya na mpunga uliotwangwa. Mtu hatupi ungo wote kwa sababu ameona makapi, wala hapiki makapi pamoja na mchele. Hupepeta. Makapi hupeperuka, mchele hubaki.

Maonyo ya wakubwa ni hivyohivyo. Mara chache ni mchele mtupu, na mara chache ni makapi matupu. Mkubwa huona kweli kwamba kazi imechelewa, lakini hukosea akidhani ni kwa uvivu. Hukosea pengine kwa kutoa sauti kubwa, lakini jambo lenyewe ni la haki. Basi fuateni njia hii.

Kwanza, nyamaza kidogo. Usijibu moto ukiwa bado unawaka kifuani. Ukiweza, lala na neno hilo usiku mmoja, ulipeleke katika sala ya jioni. Kama lazima ujibu palepale, sema tu: “Nimesikia. Naomba nafasi ya kukueleza baadaye.”

Pili, pepeta. Jiulize mbele ya Mungu: katika maneno haya, lipi ni la kweli? Ukiona halipo hata moja, tafuta tena. Hasira hutupa mchele pamoja na makapi.

Tatu, nenda kwa mkubwa mwenyewe. Bwana wetu alifundisha, katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 18, kwamba ndugu akikukosea uende ukaseme naye mkiwa wawili tu. Ikiwa ni vema kufanya hivyo kwa ndugu, ni vema pia kwa mkubwa. Neno linaloanzia kwenye pombe hufika kwa mkubwa limevimba, na halifanani tena na lile ulilolisema. Ukiogopa kwenda peke yako, mchukue mtu mmoja wa kuaminiwa, kama alivyofanya mama yule.

Nne, anza na lililo la kweli. Kubali kosa lako bila kulipunguza. Mkubwa anayesikia kwamba umekubali lililo haki atasikiliza pia unapokataa lisilo haki.

Tano, kataa lisilo la kweli kwa maneno machache, bila matusi, bila kutaja makosa yake ya zamani. Eleza sababu, kwa utaratibu. Kisha uliza: “Sasa unataka nifanye nini, tusirudie tena?” Kwa swali hilo ninyi wawili mnakuwa upande mmoja, na taabu iliyowakutanisha inakuwa upande wa pili.

4. Hata Petro alisemwa

Msidhani kwamba kusemwa ni kwa wadogo tu. Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 11, Mtakatifu Petro, mkubwa wa Mitume, alilaumiwa na ndugu kule Yerusalemu kwa sababu aliingia nyumbani mwa watu wasiotahiriwa akala pamoja nao. Petro hakukosa, Mungu mwenyewe ndiye aliyemtuma kwa Kornelio. Angeweza kuwaambia: “Mimi ni mkubwa, nyamazeni.” Badala yake aliwaeleza mambo yote kwa mpango tangu mwanzo: maono aliyoyaona, watu waliokuja kumwita, na Roho Mtakatifu aliyewashukia wageni wale. Akawaonyesha pia ndugu sita waliofuatana naye, wawe mashahidi. Waliposikia hayo, wakatulia, wakamtukuza Mungu.

Naye Bwana wetu Yezu Kristu, alipopigwa kofi na mtumishi mmoja mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha kofi, wala hakukubali kwamba amekosa. Alimtaka mtu yule aonyeshe ubaya uko wapi kama amesema vibaya. Na kama amesema vema, aeleze sababu ya kumpiga. Hivyo upole si kukosa sauti. Mpole husema ukweli, lakini hamchukii anayemwambia.

5. Mkubwa asipokubali maelezo yako

Pengine utaeleza vizuri, na mkubwa atashika neno lake. Hapo ndipo moyo hupimwa. Ikiwa jambo lenyewe si dhambi, fanya anavyotaka, ukiwa umekwisha kusema yako. Kapita akisema mfereji upitie upande huu, nawe uliona heri upande ule, chimba upande huu, tena uchimbe vizuri. Anayechimba vibaya makusudi, ili ionekane kwamba mkubwa alikosea, ameiba kazi ya mwenye shamba.

Ikiwa unadhulumiwa, kwa mfano mshahara unakatwa bila haki, una ruhusa ya kwenda kwa mkubwa wa juu zaidi. Lakini nenda mchana: mwambie yule wa kwanza kwamba unakwenda, na huko juu useme maneno yaleyale uliyomwambia yeye. Barua isiyo na jina haifai kuandikwa na mkono utakaopakwa mafuta matakatifu.

Na kama ni Ubatizo ulioahirishwa, usiache mafundisho. Mwombe katekista au Padri akueleze ni nini kinachokosekana. Mwaka wa kungoja si mwaka uliopotea kwa mtu anayesali. Uliopotea ni ule wa kukaa nyumbani na kununa.

6. Mkubwa akiamuru dhambi

Mpaka wa utii uko hapa: hakuna mkubwa mwenye mamlaka ya kukuamuru utende dhambi au umkane Mungu. Katika nchi yetu ya Kongo tunaye shahidi wa jambo hili, Mwenye heri Isidori Bakanja. Alikuwa mfanyakazi, alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, naye alipenda kuwafundisha wenzake sala. Kule Ikili mkubwa wake wa kazi aliichukia dini, akamwamuru avue skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa shingoni. Isidori alikuwa mtumishi mwema, lakini amri hiyo hakuitii. Alipigwa mjeledi vikali mno hata mgongo wake ukawa kidonda kitupu, na baada ya mateso marefu alikufa tarehe 15 Agosti 1909. Kabla ya kufa alimsamehe mkubwa yule, akaahidi kumwombea mbinguni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Lakini tuwe wakweli. Wengi wetu hatukaripiwi kwa ajili ya skapulari. Hukaripiwa kwa ajili ya jembe lililosahauliwa mvuani. Basi usijiite Bakanja kwa sababu kapita amekuambia ufagie tena. Na ikija siku ya kukataa kweli, kataa kama Isidori: bila kuchukia.

7. Na wewe ukiwa mkubwa

Kila mmoja wenu ni mkubwa wa mtu: baba kwa mtoto, kaka kwa mdogo wake. Miaka ilipopita, Mungu alimwambia Samweli usiku neno zito juu ya nyumba ya Eli. Asubuhi kijana aliogopa kulisema. Eli ndiye aliyemsihi asimfiche hata neno moja. Na alipolisikia lote, alikubali kwamba Bwana ndiye aliyenena. Yule aliyesahihishwa na Anna alikuwa mzee wa kusahihishwa na mtoto wa Anna. Ukimkaripia mdogo, umpe nafasi ya kukujibu. Nami nilijifunza hivyo mbele ya ubao wangu, nikiwa na vumbi la chaki mikononi.

Maulizo na majibu

Anna alimjibuje Eli?
Alimjibu kwa heshima, akasema ukweli, akaeleza sababu.

Kupepeta maneno ya mkubwa maana yake nini?
Ni kushika lililo la kweli katika maonyo yake, na kuacha lisilo la kweli.

Je, ni kiburi kumwambia mkubwa kwamba hukubaliani naye?
La. Ni kiburi kumtukana, kumsengenya, au kukataa hata lile lililo la kweli.

Mkubwa akishika neno lake katika jambo lisilo dhambi, ufanye nini?
Nifanye kazi yangu vizuri. Na nikidhulumiwa, niende waziwazi kwa mkubwa wa juu zaidi.

Ni wakati gani lazima kukataa amri?
Mkubwa akiamuru dhambi. Hata hapo nisimchukie, bali nimwombee.

Azimio la juma hili

Kumbuka neno moja la maonyo ulilolikataa mwaka huu. Lipepete tena mbele ya Mungu. Ukikuta ndani yake punje moja ya kweli, nenda kwa mtu yule kabla ya Dominika, ukamwambie.

Tusali

Ee Bwana Yezu, uliyepigwa bila kosa, ukajibu bila chuki, utupe masikio ya kusikia lililo kweli hata likisemwa kwa ukali, na ulimi wa kusema lililo kweli bila ukali. Uwabariki wakubwa wetu, uwafumbue macho waone mioyo yetu, nasi utufumbue macho tuone makosa yetu. Amina.